Mvua Yetu Inakwenda Wapi? Maji na Mabadiliko ya Tabia Nchi katika Wilaya za Mbulu na Hanang



Sehemu kubwa ya maombi ya miradi tunayopokea kutoka sharika za Mbulu na Hanang yanahusu jambo moja: kuchimbiwa kisima kirefu. Ni ombi la haki. Anayejua umbali ambao akina mama na watoto wanatembea mwezi wa Oktoba wakiwa na ndoo kichwani au madumu juu ya punda hawezi kulipuuza. Hata hivyo, kamati inapotuletea ombi hilo, tunaanza na swali jingine: mvua iliyonyesha kijijini kwenu msimu uliopita ilikwenda wapi? Makala hii inaeleza kwa nini tunauliza hivyo, na kwa nini jibu lake lina uzito kwa kamati za sharika na kwa ndugu zetu wanaochangia miradi hii.

Nchi yetu na maji yake

Wilaya zetu mbili ziko katika Bonde la Kati, ambalo usimamizi wa maji yake uko chini ya Bodi ya Maji yenye makao yake Singida. Jambo la kukumbuka kuhusu bonde hili ni kwamba maji yake hayafiki baharini. Mvua inayoanguka kwenye miinuko ya Mbulu, katika msitu wa Nou na kwenye miteremko ya Mlima Hanang inateremka hadi kwenye maziwa yasiyo na mlango wa kutokea, kama Eyasi, Manyara na Balangida. Huko maji yanageuka mvuke na kuacha chumvi. Ndiyo maana mtu anaweza kusimama juu ya Katesh akaona ziwa kubwa chini yake, lakini asiwe na maji ya kunywa.

Kwa hiyo maji matamu tuliyo nayo ni yale tunayoweza kuyashika yakiwa njiani, kati ya mlima na ziwa la chumvi. Yanashikwa na msitu, udongo, mchanga wa makorongo, mapaa ya nyumba zetu na mabwawa. Yakishapita hapo, yamekwenda.

Nini kimebadilika

Wazee wetu walijua ukame na walijua mafuriko. Kinachobadilika ni kwamba mambo haya mawili yanazidi kuwa makali, na yanafuatana kwa karibu.

Sababu yake si ngumu kuelewa. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi. Kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi inayoongezeka, hewa inaweza kubeba takribani asilimia 7 zaidi ya mvuke, na dunia tayari imeongezeka joto kwa zaidi ya nyuzi moja tangu viwanda vikubwa vianze kuchoma makaa ya mawe na mafuta. Hewa hiyo hunyonya unyevu mwingi kutoka kwenye udongo na mabwawa wakati wa kiangazi, na mvua inapofika, huachia maji mengi kwa saa chache. Mkulima na mfugaji wanapata hasara mara mbili.

Mkoa wetu wa Manyara umeyaona yote mawili ndani ya miaka miwili. Mvua za vuli za mwaka 2021 zilikuwa hafifu, na mwanzoni mwa mwaka 2022 maelfu ya mifugo ilikufa, hasa katika wilaya ya Simanjiro. Kisha ikaja vuli ya mwaka 2023, iliyoambatana na El Nino. Asubuhi ya Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, sehemu ya Mlima Hanang iliyokuwa imelowa kupita kiasi ilimeguka, na tope, mawe na magogo vikashuka juu ya mji wa Katesh na maeneo ya jirani ikiwemo Gendabi. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Maji tuliyokuwa tukiyaomba yalikuja yakiwa na mauti ndani yake.

Hatusemi kwamba kila tukio lina sababu moja. El Nino ilikuwepo kabla ya viwanda, na sisi wenyewe tunachangia tunapokata miti kwenye miteremko, kulima hadi ukingoni mwa chemchemi na kufuga mifugo mingi kuliko ardhi inavyoweza kubeba. Lakini ni kweli pia kwamba mwanakijiji wa Hanang hana sehemu kubwa katika moshi uliopasha dunia joto, ingawa yeye ndiye analipa mapema. Kwa sababu hiyo tunaona kwamba kumsaidia kuhimili hali hii ni deni la haki, zaidi ya kuwa tendo la huruma.

Kwa nini kisima kirefu si jibu la peke yake

Kisima kirefu kina faida kubwa. Hakikauki upesi kama lambo, na pampu ya umeme wa jua imeondoa mzigo wa kununua dizeli. Lakini katika eneo letu kuna mambo matatu ya kuangalia kabla ya kukimbilia chini ya ardhi.

La kwanza ni ubora wa maji. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa ina madini ya floraidi, na maji yanayokaa muda mrefu katika miamba hiyo huyayeyusha. Floraidi haina rangi, harufu wala ladha ya kumwonya mtu. Mtoto anayeinywa kwa wingi wakati meno yake yanaundwa huota meno yenye madoa ya kahawia, na kiwango kikiwa kikubwa kwa miaka mingi, mifupa huharibika na miguu kupinda. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu kiwango cha juu zaidi kwa sababu ya uhaba wa maji, na baadaye ikashusha hadi hiyo hiyo 1.5. Kuchemsha hakusaidii, kwani maji hupungua na floraidi hubaki. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arumeru, kimeonyesha kwamba mkaa wa mifupa ya ng'ombe unaweza kuichuja, lakini mkaa huo huchoka na lazima ubadilishwe. Usharika ambao haujapanga nani ataubadilisha na kwa fedha zipi, bado hauna chujio.

La pili ni kwamba kisima ni kama ghala. Kinajazwa na mvua iliyozama ardhini. Kama mvua inateremka kwa kasi juu ya ardhi iliyo tupu na kuishia Balangida, ghala halijazwi, ingawa pampu ya jua inaendelea kuvuta kila siku bila gharama ya mafuta ya kutukumbusha kupunguza.

La tatu ni matunzo. Pampu ikiharibika na hakuna akiba ya vipuri, kijiji kinarudi kwenye dimbwi lile lile. Tofauti ni kwamba sasa kina mnara wa tangi la kuutazama.

Yale ambayo wazee walikwisha kujua

Kabla ya neno "mradi" kufika kwetu, watu wa nchi hii walikuwa na elimu yao ya maji. Wairaqw wa Kainam na maeneo ya jirani wanajulikana kwa kilimo chao cha miteremko: matuta yanayokatisha mteremko, mifereji inayopunguza kasi ya maji, samadi inayorudishwa shambani, na mabonde yanayolimwa kwa uangalifu ili yasipasuke kuwa makorongo. Maji yanayotembea polepole juu ya shamba huzama, na yaliyozama hutoka tena chini kama chemchemi.

Wabarbaig wa Hanang waliishi kwa kuhama kwa mpango, wakitumia malisho ya mbali wakati wa mvua na kutunza yale yaliyo karibu na maji ya kudumu kwa ajili ya kiangazi. Visima vyao vya kuchimba kwa mikono vilikuwa na wasimamizi na zamu za kunywesha. Mpango huo ulivurugika miaka ya 1970, pale maeneo makubwa ya tambarare za Basotu yalipogeuzwa mashamba ya ngano ya serikali kwa msaada wa Kanada. Tunalitaja hili kwa sababu lina somo kwetu sote tunaoleta miradi: mradi unaofunga njia ya mfugaji kwenda kwenye maji humwondolea uwezo wake wa kuhimili ukame, hata kama mradi wenyewe una nia njema.

Nao Wahadzabe wa bonde la Yaeda hufukua mchanga wa korongo lililokauka na kupata maji chini yake. Elimu hiyo ndiyo msingi wa mabwawa ya mchanga, tutakayoyaeleza baadaye.

Hesabu ya paa

Kila kamati inaweza kufanya hesabu hii bila mtaalamu. Milimita moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji.

Tuchukue nyumba ya bati yenye urefu wa meta 8 na upana wa meta 5, yaani meta 40 za mraba. Tuchukue na mwaka mbaya, wenye milimita 400 tu za mvua. Paa hilo litapokea lita 16,000. Tukitoa moja ya tano kwa yanayomwagika na yale ya kwanza ya kusafisha bati, zinabaki lita 12,800.

Sasa tuangalie matumizi. Familia ya watu 6, ikitumia lita 5 kwa kila mtu kwa kunywa na kupika tu, inahitaji lita 30 kwa siku. Kwa kiangazi cha siku 180, ni lita 5,400. Maana yake, hata mwaka wa njaa, paa dogo linapokea zaidi ya mara mbili ya maji ambayo familia inahitaji kwa kunywa na kupika kiangazi chote.

Kikwazo basi ni tangi, kwani paa lenyewe linatosha. Hapa vikundi vya kuweka na kukopa, kama VICOBA, vinaweza kufanya kazi kubwa kwa wanachama kununuliana matangi kwa zamu. Maji ya paa hayana floraidi wala chumvi ya ardhini. Yanahitaji gata safi, tangi lenye mfuniko usiopitisha mbu, na kuchemshwa au kutiwa dawa kabla ya kunywa. Ya kisima yanaweza kubaki kwa kufua, kuoga na mifugo. Kutenganisha maji kwa matumizi yake namna hii ni njia nafuu ya kulinda meno na mifupa ya watoto wetu.

Lakini tusisahau wasio na bati. Bado kuna kaya zinazoishi katika nyumba za paa la udongo au nyasi, na mara nyingi hizo ndizo za wajane, wazee na wale wasio na mifugo. Mradi wa matangi ya nyumbani, ukiachwa ujiendee wenyewe, utawapa maji walio nacho na kuwapita wasio nacho. Ndiyo maana tunasisitiza mapaa ya makanisa, shule na zahanati. Kanisa la meta 20 kwa 10, katika mwaka ule ule mbaya na kwa hesabu ile ile, linatoa lita 64,000. Hizo zinatosha kaya 11 za watu 6 kwa kunywa na kupika kiangazi kizima, ikiwa matangi yapo. Orodha ya kaya hizo iandaliwe kwa uwazi, bila kuangalia nani ni mshirika wa kanisa letu na nani si mshirika.

Malambo na mabwawa ya mchanga

Kwa mifugo na bustani tunahitaji maji mengi zaidi. Lambo ni zuri, lakini lina adui juu na adui chini. Jua la kwetu linaweza kunyonya milimita 5 au zaidi kwa siku. Kwa siku 180 ni karibu meta moja. Lambo la kina cha meta moja na nusu, ukiongeza maji yanayonyweka ardhini na ng'ombe wanaoingia ndani, halifiki mwisho wa kiangazi. Ni heri lambo dogo lenye kina kirefu kuliko pana lenye kina kifupi. Liwekewe uzio, mifugo inyweshwe kwenye birika lililo nje, na juu yake pawe na mahali pa kutegea tope. Utoro, yaani njia ya kutolea maji ya ziada, upimwe kwa mvua kubwa ya aina ya mwaka 2023. Tuta linalovuka maji juu yake linaweza kukatika usiku mmoja.

Mahali penye korongo la mchanga mkubwa na mwamba chini yake, bwawa la mchanga linafaa zaidi. Ukuta wa zege au mawe hujengwa kukatisha korongo. Mafuriko huleta mchanga na kuujaza nyuma ya ukuta, na maji hubaki katikati ya punje za mchanga, ambako jua haliyafikii kwa urahisi. Kila meta moja ya ujazo ya mchanga mkubwa inaweza kutoa takribani lita 200 hadi 300. Majirani zetu wa Kitui na Machakos nchini Kenya wamejenga mamia ya mabwawa haya. Ila hayafai kila mahali: korongo likileta tope la mfinyanzi badala ya mchanga, halitoi maji ya kutosha. Mtaalamu achimbe mashimo ya majaribio kwanza.

Maji bila utaratibu ni ugomvi

Wasomaji wa Biblia wanakumbuka kwamba Isaka alifukua upya visima vya baba yake, na wachungaji wa Gerari wakagombana naye juu ya maji. Ugomvi huo haujaisha. Kiangazi kinapokuwa kirefu, mkulima na mfugaji hukutana kwenye maji yale yale, na kila mmoja ana haja ya kweli.

Kisheria, tangu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, huduma ya maji vijijini iko chini ya RUWASA, na miradi huendeshwa na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Kamati ya usharika isianzishe utawala wake pembeni. Kazi yake ni kuhamasisha, kuchangia, kusimamia mapaa ya majengo yake na kuwa sauti ya wasiosikika kwenye mkutano wa kijiji. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lengo la lita 25 kwa mtu kwa siku, ndani ya meta 400 kutoka kwenye makazi, na kituo kimoja kwa watu 250. Ni vema wanakijiji wajue vipimo hivyo wanapodai haki yao.

Bei nayo ipangwe kwa busara. Anayenywesha ng'ombe 100 alipe kwa kadiri ya maji anayotumia, na kaya zisizo na uwezo kabisa zijulikane na zihudumiwe. Akina mama wawe wajumbe wenye sauti, wakiwemo watunza hazina, kwa sababu wao ndio wa kwanza kujua bomba linapopunguza nguvu.

Tunachoomba kwa kamati za sharika

Kabla ya kuandika ombi la mradi wa maji, tunaomba kila kamati ifanye yafuatayo:

1. Itembee kijiji kizima pamoja na wazee, akina mama na wafugaji, na kuandika vyanzo vyote vya maji: vinavyofanya kazi, vilivyokauka na vilivyoharibika.
2. Ipime mapaa ya bati ya kanisa, shule na zahanati, na kupiga hesabu tuliyoeleza.
3. Ihakikishe maji ya kisima chochote kinachotumika yamepimwa floraidi na chumvi maabara, na majibu yamesomwa hadharani.
4. Ilinde chemchemi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazohatarisha chanzo ndani ya meta 60.
5. Ifuatilie utabiri wa vuli na masika wa Mamlaka ya Hali ya Hewa na kuutangaza ibadani. Gata zisafishwe kabla ya mvua ya kwanza. Utabiri ukiwa wa mvua chache, kijiji kikubaliane mapema kiasi cha kuchota.
6. Kwa wanaoishi chini ya milima, ijifunze dalili za hatari: nyufa mpya kwenye mteremko, chemchemi inayogeuka tope ghafla, au mto unaopungua wakati mvua inaendelea kunyesha juu. Mwenye kuona dalili hizi ahamishe watu kwanza, maswali baadaye. Tangi wala nyumba visijengwe kwenye njia ya zamani ya maji.

Tunachoomba kwa wafadhili

Kisima kipya hupigwa picha siku ya uzinduzi, lakini gata lililosafishwa halipigwi. Tunawaomba ndugu zetu wanaotusaidia, wa ndani na wa nje, wakubali kugharamia mambo yasiyoonekana: upimaji wa maji, mafunzo ya mafundi na watunza hazina, miche ya kufunika miteremko, na ufuatiliaji kwa miaka kadhaa baada ya uzinduzi. Mahali ambapo uchunguzi umeonyesha kwamba kisima kirefu ndicho kinachofaa, tutakiomba bila kusita, pamoja na mpango wake wa vipuri.

Hatuna uwezo wa kuamua mvua itanyesha lini, wala itanyesha kiasi gani. Kilicho mikononi mwetu ni kiasi gani cha mvua hiyo kitabaki kijijini ifikapo Oktoba, na nani atakuwa wa kwanza kuyapata maji hayo. Kamati zitakazokamilisha orodha ya vyanzo na hesabu ya mapaa ziwasilishe kwa mratibu kabla ya vuli, ili tupange kwa pamoja.